Mama Hakutaka Kukata Nywele Mara Mbili

Mimi nina hasira za karibu, na nalisema mapema ili nisije nikasingiziwa. Nauza mchele Mamboleo, hapa Kisumu, mchele wa mashamba ya Ahero, na mteja akichota kiganja, akaunusa, akaurudisha guniani huku amekunja uso, huwa namwonyesha njia ya kwenda kwa jirani. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba mimi sikuzaliwa, nililipuka. Mama hakuwahi kuucheka mzaha huo. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na hakupenda nitajwe kwa neno lolote lenye madhara, hata kwa utani.

Mama ni Mjaluo wa Uyoma, kule ambako barabara inaishia ziwani, Luanda Kotieno. Alisilimu alipoolewa na baba, fundi cherehani wa mjini Kisumu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka huku na huko kiasi kwamba ukimuuliza kabila lake, yeye naye anakuuliza, "La upande gani?" Walikaa pamoja miaka mingi na kwa amani. Baba alipofariki tulimzika siku ileile kabla ya magharibi, kama ilivyo kwetu. Ndugu za mama walifika kesho yake na sufuria na maturubai, wamejiandaa kwa matanga ya siku nyingi, wakakuta kaburi limeshafukiwa na sisi tunakunywa chai. Mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na nywele zake hazikuguswa, ingawa kwao Uyoma msiba mkubwa kama ule watu wa nyumba hunyolewa. Nalitaja hili la nywele kwa sababu ndilo lililonifanya nimpigie mama yangu kelele, na mpaka leo naona haya.

Miaka kadhaa baadaye tulipata nafasi ya hija. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na wala hatukubishana ni ya nani. Umri wa mama ulimruhusu kusafiri bila ndugu wa kiume, na kundi la wanawake wa hapa Kisumu na miji ya jirani, chini ya ustadhi mmoja kijana, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mama alifurahi mpaka akaanza kuamka kabla ya alfajiri kufanya mazoezi ya kutembea uani, huku na huku, magoti yakimlalamikia.

Mafunzo yalikuwa msikitini kila Jumapili baada ya adhuhuri. Nilikuwa nampeleka na pikapu yangu ya mchele, kisha nakaa nyuma kusikiliza. Ustadhi alileta katoni kubwa ya friji, akaifunika buibui jeusi kuukuu, akasema hiyo ndiyo Kaaba yetu kwa sasa. Wanawake wa miaka sitini na kitu waliizunguka mara saba na mikoba yao kwapani, kila mmoja akiogopa kuukosa mzunguko. Viti viwili vya plastiki, kimoja kikiwa na mguu uliofungwa kamba, vilikuwa vilima vya Safa na Marwa. Mama alikwenda na kurudi kati ya viti hivyo kwa bidii kuliko wote. Nilimwangalia nikajivunia.

Jumapili ya tatu ustadhi akaandika ubaoni maneno matatu: Ifradi, Kirani, Tamatui. Akasema hizo ni njia tatu za kuhiji, na zote ni sahihi, hakuna iliyo ya watu wa daraja la chini. Ifradi ni kutia nia ya hija peke yake. Unaingia katika ihramu, hali ile ya utakatifu ambayo huruhusiwi manukato, wala kukata kucha, wala kukata unywele hata mmoja, na unabaki humo siku zote mpaka siku ya kuchinja, ndipo unapunguza nywele na kutoka. Kirani ni kuzifunga hija na umra, ile hija ndogo, kwa nia moja. Unabaki katika ihramu vilevile, unachinja mnyama, unapunguza nywele, basi. Tamatui ni kuanza na umra. Ukiimaliza unapunguza nywele, unatoka katika ihramu, unaoga kwa sabuni yako ya kunukia, unapumzika. Siku ya nane ya mwezi wa hija unaingia tena katika ihramu kwa ajili ya hija yenyewe, na ukifika siku ya kuchinja unachinja na kupunguza nywele tena.

"Sisi tutafika mapema, karibu wiki mbili kabla," akasema. "Kwa hiyo kundi letu litafanya Tamatui. Ndiyo nafuu kwa mama zetu."

Mama akainua mkono.

"Ustadh, hii ya mwisho, nywele inakatwa mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama. Baada ya umra, na baada ya hija."

"Na hii ya kwanza?"

"Mara moja tu."

"Basi mimi nachukua hii ya kwanza."

Wanawake wakacheka. Ustadhi, bila kucheka, akamweleza kwamba kwa mwanamke hakuna kunyoa. Unakusanya ncha za nywele, unakata kiasi cha ncha ya kidole, si zaidi. Mama akaitikia kwa kichwa, kama anayesikiliza bei asiyokusudia kuilipa.

"Hata kama ni kidogo kama ukucha," akasema. "Mimi ni ile ya mara moja."

Nilinyamaza mpaka tukafika nyumbani, na kwangu hiyo ni safari ndefu. Mama ana ngozi inayomwasha joto likizidi, lazima aipake mafuta, na mafuta anayoyapenda yananukia kama duka la maharusi. Nikamwazia kwenye joto la Maka wiki mbili nzima, wenzake wote wameshatoka katika ihramu, wanaoga, wanajipaka, yeye peke yake anaogopa hata kujikuna asing'oe unywele. Nikamuuliza kwa upole kwa nini. Akasema ameamua. Nikauliza kama ni mambo ya mnyama wa kuchinja, maana Ifradi haikulazimishi kuchinja. Akasema mnyama hana shida naye. Nikauliza kama ni urembo, kwa kuwa nywele zake ni ndefu, nyeupe zote, na huzisuka mwenyewe kila Ijumaa. Hapo akaniangalia tu.

"Kama lazima iwe mbili," akasema, "mimi nibaki. Peleka jina ya mtu mwingine."

Nikalipuka. Nilimwambia watu wanaisubiri safari hii maisha yao yote, yeye anaipima kwa nywele. Nikamwambia baba alikufa anaitamani. Nilisema pia kwamba labda hajawahi kuwa Mwislamu sawasawa, na hilo ndilo neno linaloniamsha usingizini. Mama aliondoka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilisimama jikoni na mdomo wangu, sina pa kuupeleka.

Nilimwendea ustadhi nikitumaini atamlazimisha. Hakukubali.

"Ifradi ni sahihi, dada yangu. Nia ni ya mama, haipigiwi kura. Nitamwelekeza akiwa peke yake kama ninavyowaelekeza wengine wote. Ila naona anaogopa kitu, na hicho kitu sicho cha dini. Angekwenda bila hicho ningefurahi. Ameshaanza kuomba radhi?"

Hiyo ndiyo desturi yetu. Mwenye kwenda hija huwazungukia watu aliowahi kuishi nao, mmoja mmoja, awaombe msamaha kabla ya kuondoka, asije akasimama mbele ya Mola wake na kinyongo cha mtu mgongoni. Mama alikuwa ameshaanza. Alimaliza majirani wote, hata mwanamke wa mlango wa tatu ambaye walikuwa hawasalimiani tangu kisa cha kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa amebakiza mmoja, kaka yake, kule Uyoma.

Nikapakia nusu gunia la mchele, tukapanda pikapu, tukapita Kisian tukaelekea huko. Njiani hatukuongea isipokuwa juu ya mashimo ya barabara. Mimi nilikuwa nimeshaomba msamaha kwa neno lile, naye alikuwa amesema yameisha, lakini anavyosema yameisha na anavyonyamaza baadaye ni mambo mawili.

Mjomba wangu ni seremala mstaafu na mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, anayevaa koti hata jua likichoma. Enzi za ujana wake yeye ndiye aliyekuwa na wembe mzuri kijijini kwao, kwa hiyo msiba ukitokea, yeye ndiye aliyenyoa watu. Alitupokea kwa ugali na samaki. Kuku hakuchinja, maana anajua hatuli kuku asiyechinjwa na Mwislamu, na tangu zamani alishaamua kutoleta mjadala. Kutoka barazani kwake unaona feri ya Mbita ikija, na watu wameshaanza kukusanya mizigo yao.

Baada ya kula mama alijitengeneza ushungi, akaketi kwenye kigoda kinachomkabili kaka yake.

"Omera," akaanza. Ndivyo anavyomwita, ndugu yangu. "Mimi naenda Maka. Kwetu mtu akienda huko anaomba watu msamaha. Kama nilikukosea, nisamehe."

Mjomba akacheka. Akasema dhambi za dada yake ni nyingi kweli, kuanzia redio aliyomwangushia zamani. Aliposema ameshamsamehe zote, mama hakuinuka.

"Na ile ya mtoto," akasema.

"Mtoto gani?"

"Ile yetu ndogo. Yenye alikufa."

Mimi sikuwahi kusikia kwamba walikuwa na mdogo wao. Nilidhani ni wawili tu. Mjomba akaacha kucheka, akaliweka chini bakuli la maji ya kunawa alilokuwa amelishika.

Mama akaeleza akiwa ameinamisha uso. Mwaka ule alikuwa mdogo, miaka sita labda. Baba yao alifariki, wakanyolewa wote, kama ilivyokuwa. Nywele zilipoanza kuota, akanyolewa tena, peke yake, na mara hiyo hapakuwa na msiba. Siku chache baadaye mdogo wao akafa. Na mama yao, akilia, alimshika kichwa kile kipara mbele ya watu akasema: huyu amenyolewa bila maiti, sasa maiti imekuja kuzitafuta nywele zake.

"Mimi ndiye nilimwita," mama akasema. "Kichwa yangu ndiyo ilimwita. Unisamehe, omera."

Mjomba alisema kwanza kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, kisha akanitazama akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili awepo shahidi.

"Nyaminwa, dada yangu, wewe ulikuwa mdogo. Umekumbuka kinyume. Mtoto aligonjeka kwanza. Ilikuwa surua, watoto ya kijiji yote walikuwa nayo. Alikuwa amelala wiki moja, hawezi kunyonya. Ndiyo na wewe ukashikwa na homa, mama akaona vipele kwa shingo yako, akaniambia, nyoa huyu nione kama imepanda kichwani. Ni mimi nilikunyoa. Kwa hii mkono." Akauinua mkono. "Nilikunyoa kwa sababu mtoto tayari anakufa. Hakufa kwa sababu nimekunyoa."

"Lakini mama alisema."

"Mama alikuwa amezika bwana, na sasa mtoto. Alisema mengi ile siku. Hata mimi aliniambia wembe yangu ina laana. Niliitupa ziwani, nikaenda kukopa ingine." Akajifuta uso kwa kiganja. "Miaka hiyo yote umebeba hiyo? Mbona hukuniuliza?"

Walikaa wanatazamana, wazee wawili ambao walikuwa wamekumbuka jambo moja kwa njia mbili, na mimi nilijiona mgeni katika familia yangu. Mwishowe mjomba ndiye aliyemwomba mama radhi. Hiyo si desturi ya kanisa lake, lakini aliifanya vizuri kuliko wengi wetu. Feri iliondoka wakati fulani bila sisi kuiangalia.

Tukiwa njiani kurudi, tumeshapita Ndori, mama akaanza kusema bila kuulizwa, macho barabarani.

"Ile nywele ya kwanza, nilikuwa nimeihesabu ni ya baba yako. Tulimzika haraka, sikunyoa. Nikasema, basi, nikikata huko moja, itakuwa ya yeye. Lakini ya pili?"

"Ya pili ni ya hija, Mama. Ndivyo ibada ilivyo."

"Ya pili ni ya nani, nyara?" Ndivyo anavyoniita, binti yangu. "Nimebaki na nani mwingine?"

Niliweka pikapu kando ya barabara kwa sababu sikuona tena mbele. Nilikuwa nimemdhania mama yangu mbishi, mpenda urembo, nusu Mwislamu, kumbe alikuwa tayari kuwashwa na joto wiki mbili, na hata kuiacha hija yenyewe, ili mimi nisife. Nilimlilia begani kama mtoto wa shule. Alinipigapiga mgongoni, akaniambia niache kulia kwa usukani, betri itaisha. Mama hajui magari.

Hakuniambia ameamua nini, nami kwa mara ya kwanza sikuuliza. Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Kisumu na kibegi chake na chupa ya mafuta yasiyonukia ambayo ustadhi alimtafutia, endapo atabaki katika ihramu. Nilipomkumbatia nilimwambia afanye ile njia anayoiweza. Akaniambia nifunge duka mapema na nisigombane na watu. Nilimwahidi moja kati ya hayo mawili.

Siku ya tatu tangu waondoke Kisumu, saa tano asubuhi, simu ikaita dukani, ya video. Wateja walikuwa watatu, na kijana wa mkokoteni alikuwa ananiletea magunia kutoka lori la Ahero. Nikaipokea nikaona uso wa mama umejaa kioo kizima, pua mbele.

"Nyara, uko wapi?"

"Niko dukani, Mama. Umefika Maka? Umeona Kaaba?"

"Nimeona. Ni kubwa kuliko katoni. Nimemaliza umra. Nilitia nia ya ile ya mara mbili."

Akaendelea kwamba yuko chumbani na mwenzake, mama mmoja wa Busia, na mkasi uko mezani tangu watoke Marwa. Mwenzake ameshakata zake na amelala. Yeye ameushika mkasi mara nne akauweka.

"Ya kwanza nilisema iwe ya baba yako," akasema. "Lakini nimefikiria. Nikianza na ya baba yako, nitakaa na hii ingine siku zote, naiogopa. Heri nianze na ngumu. Hii ndiyo yako. Sasa kaa hapo nikuone."

"Unione?"

"Nikikata, nikuone. Usiende mahali."

Akavua ushungi. Nikakumbuka kuna wanaume dukani, na nywele za mama si za kuonwa na kila mnunuzi wa gorogoro moja, lile kopo la kupimia mchele. Nikachuchumaa nyuma ya magunia, simu mkononi, kichwa karibu na sakafu. Mteja mmoja akauliza kama nimeanguka. Kwenye kioo mama alizikusanya ncha za nywele zake kwa mkono wa kushoto, nyeupe kama pamba, na mkono wa kulia ukaleta mkasi. Macho yake hayakuwa kwenye nywele, yalikuwa kwangu.

Hapohapo mtandao ukakwama. Picha yake ikaganda, mkasi hewani, lakini sauti ilikuwa inapita.

"Umenyamaza!" Nilimsikia amepaza sauti. "Nyara! Hautingishiki! Mbona hautingishiki?"

"Niko, Mama! Ni mtandao tu!"

"Ongea! Usinyamaze! Ongea tu!"

Jaribu kuamriwa kuongea na mama aliye na mkasi Maka. Mimi ambaye sikosi neno nilikosa hata salamu. Nilisema niko, niko, niko, mpaka nikajisikia mjinga. Na katikati ya hayo, yule kijana akaingia na mkokoteni wake kinyumenyume, akagonga rundo, na gunia zima la mchele daraja la kwanza likapasuka ubavuni likanimwagikia kichwani.

Sitayarudia yote niliyoyasema. Nilimuuliza kama macho yake ameyaacha Ahero. Nilimuuliza aliyemfundisha kurudi nyuma ni nani nikamshtaki. Nilimwambia aokote punje moja moja, azihesabu, anipe jumla. Nilimwambia hata ng'ombe wa Kano akirudi nyuma huangalia. Nilisema kwa Kiswahili, nikaongeza kwa Kijaluo yale ambayo Kiswahili hakina, mchele ukinidondoka kutoka kwenye ushungi, na simu bado mkononi.

Nilipopumua nikasikia kicheko. Mama alikuwa anacheka, kicheko kile cha tumboni ambacho sikukisikia tangu baba afe. Picha ikarudi. Kwenye kiganja chake kulikuwa na vinywele vyeupe, kidogo tu, vyenye urefu wa ncha ya kidole.

"Nimekata," akasema. "Nilikata ulipofika kwa ng'ombe."

"Na mimi?"

"Wewe ni mzima kabisa. Maka yote imesikia." Akanifuta kwenye kioo kwa kidole, kama vile ningekuwa na vumbi. "Mpe huyo kijana soda."

Nikampa soda. Nikampa na mchele pia, ule uliomwagika, naye hadi leo anadhani nina ugonjwa.

Zilizobaki zilikuwa siku za kungoja. Mama alipiga simu kila siku, fupi fupi, akinieleza kwamba ameoga kwa sabuni yake, kwamba ngozi imetulia, kwamba amemwona mwanamke mzee kuliko yeye anazunguka Kaaba kwa kukimbia. Siku ya nane aliingia katika ihramu upya akaenda Mina, kisha Arafa. Mimi nilianza kuingojea siku ya kumi, ile ya kuchinja. Ile ya pili, kwa hesabu yake mwenyewe, ilikuwa ya baba, kwa hiyo haikuwa na hatari. Lakini hofu huambukiza. Mama alikuwa ameivua yake akaniachia.

Kwetu, kama tulivyozoea, mwezi ulionekana siku moja nyuma ya wao. Siku yao ya kuchinja ilikuwa siku yetu ya kufunga Arafa, na pia siku ya watu kununua mchele wa pilau ya sikukuu. Duka lilijaa tangu asubuhi. Nilikuwa na kiu, nina njaa, nina foleni mpaka barabarani, na simu nimeiweka juu ya mizani ambapo ningeiona hata nikipepesa. Saa nne haikuita. Adhuhuri haikuita. Nilipima gorogoro za watu vibaya, nikazidisha, na hakuna aliyenisahihisha. Nilianza kuwaza magoti yake, umati wa Mina, joto. Nikawaza kwamba ameushika mkasi tena ameshindwa, yuko peke yake, na mimi siko kwenye kioo.

Alasiri imeshaswaliwa, simu ikaita. Nikaiacha foleni.

"Nyara, Mjomba wako alipata mchele yake ya sikukuu? Yeye hana Idi lakini anapenda pilau."

"Mama! Umekata?"

"Nimekata nini?"

"Nywele, Mama! Nywele!"

"Aa, hiyo. Tulikata asubuhi, mimi na huyu mama wa Busia. Mbona unapiga kelele na umefunga?"

"Na hukunipigia?"

"Kukupigia ya nini?"

Nikatafuta pa kukaa, nikapata gunia. "Ile ya baba," nikasema. "Ulisema ya pili itakuwa ya baba. Ilikwenda vizuri?"

Kwa mbali nilisikia wanawake wanacheka na vyombo vikigongana.

"Hata sikufikiria ni ya nani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejishangaa. "Alinipa mkasi, nikakata, nikampa mkasi. Ilikuwa nywele tu, nyara. Sasa niambie, Mjomba wako alipata mchele?"

Nikamwambia alipata. Kisha nikalia palepale juu ya gunia, kwa furaha, foleni yote ikinitazama, na sikumfokea mtu yeyote.